Wadai na Warithi: Athari za Kuanguka kwa Shirika la Ndege kwa Abiria na kwa Mashirika Shindani, kwa Mifano ya Monarch na Air Berlin (2017)

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna kuanguka kwa shirika la ndege kunavyowaathiri abiria wake na mashirika yanayoshindana nalo. Mifano iliyotumika ni miwili, nayo ilitokea katika mwaka mmoja na katika soko moja la usafiri wa anga: Air Berlin ya Ujerumani, iliyotangaza kushindwa kulipa madeni tarehe 15 Agosti 2017, na Monarch ya Uingereza, iliyositisha safari tarehe 2 Oktoba 2017. Hoja ya makala ni kwamba hasara ya abiria haiamuliwi na ukubwa wa shirika lililoanguka. Huamuliwa na mambo matatu: muda ambao shirika linaruhusiwa kuendelea kuruka baada ya kukiri kushindwa, mahali zilipowekwa fedha za tiketi ambazo safari zake hazijafanyika, na ni nani anayekabidhiwa njia zilizoachwa wazi. Sehemu ya mwisho inaitazama hoja hii katika soko la Tanzania baada ya kuondoka kwa Fastjet mwaka 2018.

1.0 Utangulizi

Alfajiri ya Jumatatu, tarehe 2 Oktoba 2017, abiria wa shirika la Monarch waliokuwa wakijiandaa kwenda viwanjani walipokea ujumbe wa simu ukiwataka wasiende. Shirika hilo, lililoanzishwa mwaka 1967 na kuanza safari mwaka 1968 kutoka Luton, lilikuwa limewekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi usiku ule ule. Abiria wapatao 110,000 walikuwa nje ya Uingereza, na safari zilizokuwa zimelipiwa kwa siku za mbele, za watu wapatao 750,000, zilifutwa kwa tangazo moja.

Wiki saba kabla ya hapo, Air Berlin, shirika la pili kwa ukubwa nchini Ujerumani, lilikuwa limetangaza kwamba haliwezi kulipa madeni yake. Hata hivyo, siku iliyofuata ndege zake ziliruka kama kawaida. Ziliendelea kuruka hadi tarehe 27 Oktoba 2017. Mashirika haya mawili yaliuza tiketi kwa watu wa aina moja, yakiwapeleka katika fukwe zile zile za Hispania, na yote mawili yalianguka. Lakini abiria wa moja walikumbwa na hali tofauti kabisa na abiria wa jingine. Tofauti hiyo ndiyo kiini cha makala haya.

Kabla ya kuendelea, ni vyema kutenganisha dhana mbili ambazo mara nyingi huchanganywa. Kufilisika ni hali ya kisheria: mali za mdaiwa hazitoshi kulipa madeni yake, au hawezi kuyalipa yanapoiva, na suala lake linawekwa mikononi mwa mahakama au msimamizi. Kusitisha safari ni tukio la kiutendaji: ndege haziruki tena. Air Berlin ilikuwa muflisi kwa zaidi ya miezi miwili huku ikiendelea kuruka. Kwa Monarch, mambo haya mawili yalitokea kwa wakati mmoja. Neno "kuanguka" katika makala haya linajumuisha yote mawili, lakini pale tofauti inapokuwa na maana, kila dhana itatajwa kwa jina lake.

2.0 Kwa nini mashirika ya ndege huanguka ghafla

Biashara ya ndege huuza bidhaa isiyohifadhika. Kiti kilichoruka kitupu leo hakiwezi kuwekwa ghalani kikauzwe kesho. Kwa upande mwingine, gharama nyingi hazipungui hata abiria wakipungua: kodi ya ndege, mishahara ya marubani, matengenezo na ada za viwanja hulipwa ndege ikijaa au isipojaa. Kwa hiyo, tofauti ndogo ya nauli au ya idadi ya abiria huweza kulihamisha shirika kutoka kwenye faida hadi kwenye hasara katika msimu mmoja tu.

Monarch ni mfano wa wazi. Baada ya mashambulizi ya mwaka 2015 nchini Tunisia na kuangushwa kwa ndege ya abiria juu ya rasi ya Sinai nchini Misri mwezi Oktoba mwaka huo, watalii wa Uingereza waliacha kwenda katika nchi hizo. Mashirika mengi yalihamishia ndege zao Hispania na Ureno. Viti vikawa vingi kuliko wasafiri, na nauli zikashuka. Kisha, baada ya kura ya Juni 2016 ya kujitoa katika Umoja wa Ulaya, paundi ilishuka thamani. Shirika liliuza tiketi kwa paundi lakini lililipa mafuta na kodi ya ndege kwa dola. Kila safari ikawa ghali zaidi kuiendesha na rahisi zaidi kuinunua.

Air Berlin ilifika ukingoni kwa njia nyingine. Ilikua kwa kununua mashirika mengine, likiwamo dba mwaka 2006 na LTU mwaka 2007, ikabeba madeni makubwa. Mipango yake ilitegemea uwanja mpya wa Berlin Brandenburg, uliotarajiwa kufunguliwa Juni 2012 lakini ukafunguliwa Oktoba 2020, wakati shirika lenyewe halipo tena. Kuanzia mwaka 2012, Etihad ya Abu Dhabi ilimiliki takriban asilimia 29 ya hisa zake na kuiongezea fedha mara kwa mara. Etihad ilipokataa kuongeza fedha zaidi mwezi Agosti 2017, siku za Air Berlin zikawa zimehesabika.

Msimu nao una nafasi yake. Mashirika ya utalii ya Ulaya hukusanya fedha nyingi kabla na katikati ya majira ya joto. Mwezi Oktoba mapato hupungua huku madeni ya msimu yakiiva. Kwa Monarch kulikuwa na jambo la ziada: leseni iliyoiruhusu kuuza safari za pamoja za ndege na hoteli ilipaswa kuhuishwa mwishoni mwa Septemba, na mamlaka ya usafiri wa anga ya Uingereza haikuwa imeridhika na hali yake ya kifedha. Shirika lilipewa saa 24 za ziada. Saa hizo zilipokwisha bila ufumbuzi, safari zikakoma. Kwa hiyo, kile ambacho abiria alikiona kuwa ghafla kilikuwa kimeandaliwa kwa muda mrefu ndani ya vitabu vya hesabu ambavyo yeye hakuwa na njia ya kuvisoma.

3.0 Abiria kama mdai

3.1 Tiketi ni mkopo

Mtu anayenunua tiketi mwezi Machi kwa safari ya Agosti hajanunua safari. Amelikopesha shirika nauli yake kwa miezi mitano, bila riba na bila dhamana, kwa ahadi ya kusafirishwa. Shirika halilazimiki kuitunza fedha hiyo kando. Linaitumia kulipia mafuta ya leo na mishahara ya mwezi huu. Katika siku za neema mkopo huu hauonekani. Shirika linapoanguka, abiria hugundua kwamba hakuwa mteja tu, bali mdai.

Tena ni mdai aliye nyuma katika foleni. Sheria za ufilisi za nchi nyingi huwapa kipaumbele wadai wenye dhamana, yaani waliokopesha kwa kushika mali fulani kama rehani. Hufuata gharama za ufilisi wenyewe na baadhi ya haki za wafanyakazi, kwa mpangilio unaotofautiana kati ya nchi na nchi. Abiria huangukia katika kundi la wadai wa kawaida wasio na dhamana, pamoja na wauza vyakula na wachapishaji wa matangazo. Katika ufilisi wa Air Berlin idadi ya wadai ilizidi milioni moja, na wengi wao walikuwa abiria.

Hali hii inazidishwa na sifa mbili za mali za shirika la ndege. Kwanza, ndege nyingi si zake. Zimekodiwa, na wenye ndege huzichukua mara tu kodi inapokoma. Pili, kinachobaki, kama jina, ratiba na uzoefu wa wafanyakazi, hupoteza thamani kwa kasi ndege zinapoacha kuruka. Chungu kinachogawanywa kwa wadai wa kawaida mara nyingi huwa kimekwisha kukwanguliwa.

3.2 Abiria wawili katika safu moja ya viti

Katika mfumo wa Uingereza wa mwaka 2017, abiria wawili waliokaa bega kwa bega katika ndege ya Monarch wangeweza kuwa na haki tofauti kabisa. Tuchukulie mfano wa kubuni. Wa kwanza alinunua safari na hoteli kwa pamoja. Huyu alilindwa na mpango wa ATOL, ulioanza mwaka 1973 na kuimarishwa baada ya kuanguka kwa Court Line mwaka 1974. Chini ya mpango huo muuzaji huchangia paundi 2.50 kwa kila msafiri katika mfuko maalumu. Muuzaji akianguka, mfuko humrudisha msafiri nyumbani au humrejeshea fedha zake.

Wa pili alinunua tiketi ya ndege peke yake, moja kwa moja kutoka kwa shirika. Mfuko huo haukumhusu. Kama alilipa kwa kadi ya mkopo na bei ilizidi paundi 100, Sheria ya Mikopo ya Walaji ya mwaka 1974 ilimruhusu kuidai benki iliyotoa kadi. Kama alilipa kwa kadi inayokata fedha moja kwa moja kutoka katika akaunti, alitegemea utaratibu wa mitandao ya kadi wa kurejesha muamala, ambao si haki iliyoandikwa katika sheria hiyo. Kama alikuwa na bima ya safari, alilazimika kusoma maandishi madogo kuona kama kuanguka kwa shirika kumetajwa. Sera nyingi hazikutaja.

Ikumbukwe pia kwamba Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya mwaka 2004, inayompa abiria fidia safari inapofutwa, haimsaidii katika hali hii. Fidia hiyo hudaiwa kwa shirika lenyewe, na shirika ndilo ambalo halina kitu. Haki iliyo imara katika siku ya kawaida hugeuka kuwa karatasi siku ile ile ambayo abiria anaihitaji zaidi.

3.3 Njia mbili za kuwarudisha watu nyumbani

Serikali ya Uingereza iliamua kuwarudisha abiria wote wa Monarch waliokuwa ng'ambo, wawe wamelindwa na ATOL au la. Mamlaka ya usafiri wa anga ilikodi ndege kutoka mashirika mbalimbali, na katika muda wa takriban wiki mbili watu wapatao 85,000 walirudishwa. Ulikuwa uamuzi wa kibinadamu na wa lazima, lakini uligharimu hazina ya umma makumi ya mamilioni ya paundi. Wakati huohuo, ndege za Monarch zenyewe, ambazo siku iliyotangulia zilikuwa zinaruka na wafanyakazi wenye ujuzi, zilikuwa zimeegeshwa.

Ujerumani ilichagua njia nyingine. Serikali iliipa Air Berlin mkopo wa muda wa yuro milioni 150, ulioidhinishwa na Tume ya Ulaya mwezi Septemba, ili ndege ziendelee kuruka wakati mali zikitafutiwa wanunuzi. Abiria waliokuwa likizoni walirudi kwa tiketi zao zilezile, kwa ndege zilezile. Fedha za tiketi zilizonunuliwa baada ya kutangazwa kwa ufilisi ziliwekwa katika akaunti ya amana, hivyo safari iliyofutwa baadaye iliweza kurejeshewa nauli yake.

Hata hivyo, mtu aliyenunua tiketi kabla ya tarehe 15 Agosti kwa safari ya baada ya tarehe 27 Oktoba hakurejeshewa. Aliambiwa aandikishe dai lake pamoja na wadai wengine. Watu wawili walionunua tiketi ya safari moja, mmoja Agosti 14 na mwingine Agosti 16, walitengwa na siku mbili tu: fedha ya mmoja ilikuwa imeingia katika chungu cha madeni, ya mwingine ilikuwa amana. Tukio hili linathibitisha kwamba akaunti ya amana inawezekana kiutendaji. Swali linalobaki ni kwa nini inaanza kutumika baada ya jengo kushika moto.

4.0 Mashirika shindani kama warithi

Kwa mashirika yanayobaki, kuanguka kwa mshindani huleta faida na hatari kwa hatua tatu.

4.1 Hatua ya kwanza: abiria wanaohama

Siku Monarch ilipoanguka, bei za hisa za washindani wake, easyJet ikiwa mojawapo, zilipanda. Soko la hisa lilielewa haraka kwamba viti vilivyokuwa vingi kupita kiasi vimepungua. Abiria aliyekwama ana haraka, na mwenye haraka hana nafasi ya kujadili bei. Baadhi ya mashirika hutangaza nauli maalumu za uokozi, lakini viti vya nauli hizo huwa vichache, na programu za kupanga bei hupandisha nauli zenyewe pindi mahitaji yanapoongezeka.

Hata hivyo, si washindani wote wanaonufaika. Kampuni zinazopokea malipo ya kadi kwa niaba ya mashirika huingiwa na hofu, kwa kuwa ndizo zinazoweza kudaiwa abiria wasiposafirishwa. Huanza kuzuia sehemu kubwa zaidi ya fedha za tiketi kwa mashirika yanayofanana na lililoanguka. Hatua hiyo ya kujikinga yaweza yenyewe kuangusha shirika: mwezi Aprili 2008 Frontier Airlines ya Marekani ilikimbilia ulinzi wa mahakama baada ya kampuni iliyoshughulikia malipo yake ya kadi kutangaza kuzuia fedha zaidi. Kwa mshindani dhaifu, kifo cha jirani si neema bali ni onyo.

4.2 Hatua ya pili: kugombea nafasi za kuruka na kutua

Katika viwanja vilivyojaa, mali yenye thamani kuliko zote ni ruhusa ya kutumia njia ya kurukia kwa saa fulani. Gatwick, uwanja unaotegemea njia moja ya kurukia kwa safari zake zote, ni mfano mzuri. Kwa kanuni za Ulaya, shirika linalotumia nafasi yake kwa angalau asilimia 80 ya msimu huwa na haki ya kuipata tena msimu unaofuata. Asiyeitumia hupoteza.

Je, shirika lililoacha kuruka bado lina haki ya nafasi za msimu ujao? Chombo kinachogawa nafasi hizo Uingereza kilisema hapana, na Mahakama Kuu ilikubaliana nacho mwanzoni mwa Novemba 2017. Tarehe 22 Novemba, Mahakama ya Rufani ilibatilisha uamuzi huo na kusema Monarch ilistahili kupewa nafasi zake. Siku chache baadaye nafasi za Gatwick ziliuzwa kwa IAG, kundi linalomiliki British Airways, na za Luton zikaenda kwa Wizz Air.

Hukumu hiyo ina maana kubwa kwa mada yetu. Shirika lisilo na ndege angani bado lilikuwa na mali ya mamilioni ya paundi. Lakini kwa mpangilio wa foleni uliokwisha kuelezwa, fedha za mauzo ya aina hiyo huwafikia kwanza wadai wenye dhamana, na katika kesi ya Monarch kampuni ya uwekezaji iliyoimiliki ilikuwa pia miongoni mwa wadai hao. Abiria ambaye nauli yake ilisaidia kulipia safari zilizotunza haki ya nafasi hizo hakuwa mbele ya foleni zilipouzwa.

4.3 Hatua ya tatu: sura mpya ya soko

Athari ya kudumu huonekana katika nauli, na hapa mfano wa Ujerumani ndio unaofundisha zaidi. Air Berlin ilipoacha kuruka, Lufthansa ilibaki bila mshindani katika njia kadhaa za ndani. Mahitaji yalizidi viti kiasi kwamba mwezi Novemba 2017 Lufthansa ilitumia ndege aina ya Boeing 747, iliyoundwa kwa safari za mabara, kati ya Frankfurt na Berlin, safari inayochukua takriban saa moja.

Malalamiko ya wasafiri kuhusu nauli yaliifikia mamlaka ya ushindani ya Ujerumani, Bundeskartellamt. Uchunguzi wake ulionesha kwamba nauli za Lufthansa katika njia za ndani zilizohusika zilipanda kwa wastani wa asilimia 25 hadi 30. Hata hivyo, mwezi Mei 2018 mamlaka hiyo iliamua kutofungua shauri rasmi. Sababu kuu ni kwamba easyJet, iliyonunua sehemu ya shughuli za Air Berlin katika uwanja wa Tegel kwa yuro milioni 40, ilianza safari za ndani za Ujerumani Januari 2018, na nauli zikaanza kushuka.

Hali ya Niki, tanzu ya Air Berlin nchini Austria, inaonesha ugumu wa kuchagua mrithi. Lufthansa ilikubali kuinunua, lakini Tume ya Ulaya ilionesha wasiwasi kuhusu ushindani. Lufthansa ilijiondoa, na Niki ikaanguka mara moja, Desemba 2017. Kulinda ushindani wa kesho kuliwagharimu abiria wa leo. Baadaye mali za Niki zilichukuliwa na Niki Lauda, mwanzilishi wake, na shirika lililotokana nazo likaishia mikononi mwa Ryanair. Ryanair yenyewe ilikuwa imelalamika tangu mwanzo kwamba mkopo wa serikali ya Ujerumani ulipangwa kuinufaisha Lufthansa. Malalamiko ya mshindani yana maslahi yake, lakini yanabeba swali halali: serikali inapolipia muda wa mpito, je, inawalinda abiria au inamwandalia mrithi iliyemteua?

5.0 Mjadala: deni kabla ya urithi

Wasomaji wa pwani ya Afrika Mashariki wanaifahamu kanuni ya mirathi kwamba deni la marehemu hulipwa kwanza, ndipo warithi wagawane kinachobaki. Kuanguka kwa shirika la ndege kunaonekana kuipindua kanuni hiyo: njia, wafanyakazi na wateja huhamia kwa washindani, huku deni la abiria likibaki kaburini. Ulinganisho huu una mipaka yake, kwani washindani hununua baadhi ya mali kwa fedha taslimu, hawarithi bure. Lakini kile chenye thamani kubwa kuliko vyote, yaani msafiri asiye na njia nyingine, hawakilipii kwa yeyote.

Suluhisho linalojitokeza ni kutenga fedha za tiketi katika amana hadi safari ifanyike. Pingamizi dhidi yake ni zito na halipaswi kupuuzwa. Mashirika huendeshwa kwa fedha hizo. Yakizikosa yatalazimika kukopa benki kwa riba, na riba itarudi kwa abiria katika nauli. Zaidi ya hayo, mashirika makubwa yatamudu na madogo yatashindwa, na soko litabaki na washindani wachache, jambo ambalo sehemu ya 4.3 imeonesha kuwa nalo humgharimu abiria.

Njia ya kati ni mchango mdogo wa lazima kwa kila tiketi. Baada ya kuanguka kwa Monarch, serikali ya Uingereza iliunda jopo la mapitio chini ya Peter Bucks. Ripoti yake ya Mei 2019 ilipendekeza mpango wa kuwalinda abiria wote kwa gharama ya wastani isiyofika nusu paundi kwa abiria, pamoja na mabadiliko ya sheria ili shirika muflisi liweze kuendelea kuruka kwa muda wa kuwarudisha watu wake. Miezi minne baadaye, tarehe 23 Septemba 2019, Thomas Cook ilianguka ikiwa na wateja wa Uingereza zaidi ya 150,000 nje ya nchi. Mapendekezo yalikuwa bado hayajawa sheria. Ndege ziliegeshwa tena, serikali ikakodi nyingine tena. Condor, shirika dada la Thomas Cook nchini Ujerumani, lilipewa mkopo wa muda wa yuro milioni 380 na halikuacha kuruka.

6.0 Mazingatio kwa soko la Tanzania

Fastjet ilianza safari zake nchini Tanzania Novemba 2012, kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza na Kilimanjaro, kwa mfumo wa nauli nafuu. Mwishoni mwa mwaka 2018 kampuni mama iliondoka katika soko hilo, na mwezi Desemba Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania ikatoa notisi ya siku 28 ya kusudio la kulifutia leseni. Kwa safari kati ya Dar es Salaam na Mwanza, mbadala wa ndege ni zaidi ya kilomita 1,000 za barabara.

Tofauti tatu zinafaa kuzingatiwa. Kwanza, katika njia hizi nafasi za kuruka na kutua si adimu kama Gatwick. Kwa hiyo hakuna mali ya aina hiyo ya kuuzwa ili kulipa wadai, na ndege za kukodi hurudi kwa wenyewe. Pili, mashirika yanayoweza kujaza pengo ni machache: Air Tanzania, iliyokuwa ikiongezewa ndege mpya na serikali tangu mwaka 2016, na Precision Air. Somo la Ujerumani kwamba nauli hushuka pale tu mshindani mwingine anapoingia lina uzito mkubwa zaidi mahali ambapo wanaoweza kuingia wanahesabika kwa vidole. Tatu, msafiri aliyelipa kwa fedha taslimu au kwa simu hana benki ya kadi ya mkopo ya kuidai. Anamtegemea mdhibiti peke yake. Kwa hiyo, chombo chenye uwezo wa kumlinda ni leseni yenyewe: sharti la dhamana ya benki au mchango wa mfuko, linalotekelezwa wakati shirika lingali zima.

7.0 Hitimisho

Monarch na Air Berlin zilianguka katika mwaka mmoja, lakini ziliwaacha abiria wao katika hali mbili. Muda wa mpito uliwarudisha watu nyumbani kwa utulivu. Akaunti ya amana ililinda nauli za waliobahatika kununua baada ya tarehe fulani. Na kuingia kwa mshindani mpya kulishusha nauli zilizokuwa zimepanda. Hakuna hata moja kati ya haya lililotokea lenyewe. Kila moja lilitokana na uamuzi wa serikali, mahakama au mdhibiti, na pale uamuzi ulipokosekana abiria ndiye aliyelipa. Abiria hawezi kuvisoma vitabu vya shirika kabla ya kununua tiketi. Mdhibiti anaweza, na anayeweza kujua ndiye anayepaswa kuwajibika mapema. Utafiti zaidi katika nchi za Afrika Mashariki unapaswa kuanzia hapo: masharti ya leseni yanasema nini kuhusu fedha ambazo abiria ameshalipa kwa safari ambayo bado hajasafiri.